Kivumacho

Tulikuwa watatu, na waya mmoja mbovu.
Fadhila Nampota, binti wa fundi redio pale stendi ya Newala,
Chilumba, aliyeacha kwaya kwa sababu, alisema, nyimbo zinaisha,
na mimi, niliyeshika waya.
Risasi ya kulehemu ilikuwa imekwisha dukani
na kinanda kilikata sauti kila nilipoachia,
kwa hiyo nilibana, dole gumba na shahada,
dakika arobaini, bila kukohoa.
Hiyo ndiyo kazi yangu katika muziki. Iandikwe.

Jina alitupa bibi yake Fadhila.
Mnafanya nini humo chumbani, mbona mnavuma?
Tukajiita Mvumo.
Akacheka mpaka ugoro ukamwagika:
kivumacho hakidumu, wajukuu zangu.
Basi sisi tutavuma polepole, tukasema,
chini kabisa, jirani na kimya,
tuone kama methali ina masikio.

Tulirekodi jenereta ya benki ikikata roho.
Tulirekodi ukungu (usicheke),
alfajiri, pale uwanda unapokatika ghafla,
Chilumba ameinua kipaza sauti kuelekea bonde la Ruvuma
kama mtu anayekinga maji ya bati.
Kanda ilirudi na kitu. Mpaka leo sijui ni nini.
Tulikipunguza kasi mara nane
kikawa mtu mkubwa anayegeuka usingizini.

Onyesho la kwanza: harusi, kwa makosa.
Walitaka mziki wa kompyuta, tukaenda na kompyuta.
Robo saa. Nusu saa. Pilau likapoa.
Shangazi wa bwana harusi akatujia, mkono kiunoni:
Wanangu, mnajaribu mitambo mpaka lini?
Fadhila akamjibu kwa adabu zote:
Shikamoo mama, tumebakiza kidogo tumalize.

La pili tulijichagulia wenyewe,
ghala la chama cha msingi, msimu umepita,
korosho zimekwenda mnadani, harufu imebaki.
Wasikilizaji wanne, na mmoja wao mlinzi,
Ajali Mtepa, ambaye angekuwepo tu.
Sauti ilipanda kwenye mabati ikakataa kushuka.
Katikati umeme ukakatika.
Hakuna aliyejua.
Mabati yaliendelea.

Tukatoa kanda hamsini, majalada tumekata kwa mkasi.
Ziliuzika kumi na moja,
tatu kwa bwana aliyetaka kuzifuta arekodie mawaidha.

Kisha akaja mtu wa tamasha, kutoka ng'ambo,
begi lina mifuko kuliko duka.
Alisikiliza yote, macho kafumba. Vizuri sana, akasema,
lakini ngoma ziko wapi? Hata sindimba kidogo?
Chilumba akamwambia: ngoma ipo, bwana.
Tumo ndani ya pigo moja, bado halijaisha.
Akaandika kitu. Akaondoka,
na viza zetu zikaondoka naye.

Hatukugombana. Watu hupenda kuuliza hilo.
Chilumba alikwenda Tandahimba kupuliza salfa
akasema atarudi mikorosho ikishatoa maua;
imetoa maua mara tisa.
Fadhila anatengeneza simu palepale kwa baba yake,
meza ileile, ila simu, anasema, hazivumi, zinatetema.
Mtepa bado analinda ghala, bado ana kanda.
Imelika, aliniambia, sasa inasikika kama mvua ya kijiji cha pili.
Naipenda hivi zaidi. Usiniletee mpya.

Mimi niko Madimba, zamu ya usiku, kwenye gesi.
Mnamo saa tisa, mitambo ikitulia,
mabomba hushika sauti moja.
Ni ileile ya kinanda, imeshuka kidogo,
kama mtu wa kwenu aliyezeeka ugenini.
Mwenzangu hasikii kitu, anakunywa chai.
Natazama mkono wangu juu ya goti:
dole gumba na shahada vimekutana, vimebana.

Siachii.